KULINGANA NA NINI?

Lugha yetu haimruhusu mtu aseme "linganisha" kisha anyamaze. Ukimwambia mtoto wa darasa la tatu, "Linganisha mstari huu," atakutazama usoni akingoja umalizie, kwa sababu sentensi haijatimia. Alinganishe na nini? Hilo "na" ndilo roho ya kitenzi chenyewe. Hata tunaposema kwamba jambo limefanywa "kulingana na sheria," tumekwisha kutaja vitu viwili, kimoja kilichosimama na kingine kinachokifuata. Iweje basi vijana wetu, waliolelewa ndani ya lugha hii, wakiketi mbele ya kompyuta wanalinganisha vitu mia kwa siku bila kuuliza swali hilo hata mara moja?

Nazungumzia kazi ya usanifu wa michoro, ambayo siku hizi inawapa riziki vijana wengi hapa Karatu. Mji wetu uko njiani. Mgeni aendaye Ngorongoro kwa barabara ya Makuyuni na Mto wa Mbu hana budi kupita hapa kabla ya kufika lango la Lodoare, na kila mwenye chumba cha kulaza wageni au gari la kuwapeleka kutazama wanyama anataka bango lake lionekane. Ongeza hapo kadi za harusi, vyeti vya mahafali, fulana za kampeni, ratiba za ibada na mitihani ya majaribio, utaelewa kwa nini maduka ya stationari hayakosi watu tangu asubuhi.

Zana za vijana hao ni programu za kuchorea za aina ya vekta. Kwa msomaji asiyezijua nitazieleza kwa kifupi. Picha ya kamera ni mkusanyiko wa vidoti vya rangi. Mchoro wa vekta ni maumbo ambayo kompyuta huyakumbuka kwa vipimo: duara hili kitovu chake kipo hapa, mstari huu waanzia pale na kuishia kule. Kwa sababu hiyo kila umbo laweza kushikwa peke yake, likasogezwa, likakuzwa hadi ukubwa wa ukuta bila kuchakaa. Adobe Illustrator ilitoka mwaka 1987, CorelDRAW mwaka 1989, na Inkscape, ambayo hupatikana bure, ilianza mwaka 2003. Hiyo ya mwisho nilijifunza baada ya kustaafu, kwa mjukuu wangu aliyekuja likizo, kwa kuwa nilichoka kumweleza fundi kwa mdomo jambo ambalo mkono ungelionyesha mara moja.

Ndani ya programu hizo kuna kidirisha chenye vitufe vya kusawazisha. Vya msingi ni sita: kushoto, katikati na kulia kwa upana, juu, katikati na chini kwa kimo. Mtu huchagua maumbo kadhaa, hubofya kimojawapo, na maumbo hujipanga kama wanafunzi waliosikia kengele. Ni kitu cha kupendeza kukitazama, na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Uzuri wa tendo humfanya mtu asahau kuuliza nini kimetokea.

Kilichotokea ni hiki. Usipoiambia kompyuta umbo lipi ndilo kigezo, mathalani katika Illustrator, yenyewe huchora sanduku lisiloonekana kuyazunguka maumbo yote uliyoyachagua. Ukibofya "kushoto," kila kitu hukimbilia ukingo wa kushoto wa sanduku hilo, yaani mahali alipokuwa yule aliyejitenga zaidi. Ukibofya "katikati," hutafutwa katikati ya sanduku, na maumbo yote husogea kuifuata. Mara nyingi hakuna hata moja linalobaki mahali lilipokuwa. Ni kama wazee wawili wanaogombania mpaka wa shamba wakaamuliwa kwamba kila mmoja asogee kidogo. Kelele zimekwisha, lakini mpaka wa kweli ulikuwa wapi? Hakuna ajuaye tena.

Walakini waliotengeneza programu hizi hawakuwa wajinga, na walituachia njia ya kutaja kigezo. Katika Illustrator unachagua maumbo yako yote, kisha, bila kushikilia kitufe cha Shift, unabofya mara moja zaidi lile unalotaka lisisogee. Litazungukwa na mstari mnene. Tangu hapo hilo ndilo mwenyeji na mengine ni wageni. Ukibofya kusawazisha, yatalifuata lenyewe likiwa limetulia tuli. Katika CorelDRAW unachagua moja baada ya jingine huku umeshikilia Shift, na lile la mwisho kuguswa ndilo hufuatwa na wenzake. Inkscape huenda mbali zaidi. Juu ya vitufe vyake kuna orodha inayouliza waziwazi swali langu, kulingana na nini, na majibu yamepangwa hapo: umbo lililochaguliwa mwisho, lililochaguliwa kwanza, kubwa zaidi, dogo zaidi, ukurasa, mchoro mzima, au eneo la vyote vilivyochaguliwa.

(Huwa nacheka kila ninapoifungua orodha hiyo. Aliyefika mwisho, aliyefika kwanza, mkubwa kuliko wote. Nimekaa katika kamati za shule kwa zaidi ya miaka thelathini, na sikumbuki njia nyingine ambayo tuliitumia kumpata mwenyekiti.)

Orodha ipo, swali lipo, lakini nani analisoma? Nimesimama nyuma ya viti vya vijana wengi katika maduka haya. Karibu wote wanajua kitufe. Wachache sana wanajua orodha iliyo juu yake. Huiacha kama ilivyokutwa. Yule aliyeitumia kompyuta jana aliiweka kwenye "ukurasa," basi leo kila kitu kitakwenda katikati ya ukurasa, na kijana ataamini kwamba hivyo ndivyo kompyuta inavyotaka. Ukimuuliza kwa nini jina la bwana harusi limepanda juu ya ua, atakujibu, "Mzee, imejipanga yenyewe." Imejipanga yenyewe! Mtu mzima mwenye akili timamu anatoa kauli hiyo na kuchukua fedha.

Wapo wenzangu wa rika langu ambao wakisikia hayo husema, "Ndiyo maana sisi tulichora kwa mkono." Siungani nao. Nilifundishwa kutengeneza zana za kufundishia chuoni Mpwapwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa karatasi za manila, rula ya mbao na bikari, na nimekata stensili nyingi kiasi kwamba harufu ya wino wa mashine ya kudurufu ningali nayo puani. Kazi ile haikuwa bora kwa sababu tulikuwa na akili zaidi. Ilikuwa na ulinzi mmoja tu ambao hatukuujali: kilichotangulia kuchorwa hakikuweza kusogea. Ukiisha kuweka nukta ya mji kwenye manila, imewekwa. Jina ulilazimika kuliandika kwa kuifuata nukta, na likikubana, ulilibana jina. Karatasi yenyewe ilikuchagulia kigezo.

Kompyuta imeuondoa ulinzi huo. Ndani yake hakuna kilichotangulia wala kilichofuata. Nukta ya jana na jina la leo vina wepesi ule ule wa kusogezwa. Ndiyo faida yake kubwa, na sitaki irudishwe nyuma. Lakini kazi ambayo zamani ilifanywa na karatasi sasa imemwangukia mtu, naye hajaambiwa. Hili ndilo ninalowalaumu nalo walimu wa kozi za kompyuta, na nitalirudia hapa chini. Fundi mwashi hapa Rhotia, ambaye pengine hakumaliza darasa la saba, hajengi ukuta kwa kulinganisha tofali na tofali lililo jirani yake. Huinua kwanza pembe, huzipima kwa timazi na pima maji, kisha huvuta uzi kutoka pembe hadi pembe. Tofali likizidi, hugongwa tofali. Hajawahi kutokea mwashi akausogeza uzi ili umfurahishe tofali.

Sasa nieleze kisa kilichonifanya nishike kalamu. Shule moja ya wilaya yetu iliagiza ramani ya ukutani kwa ajili ya somo la jiografia, kuanzia upande wa Ziwa Manyara hadi Olduvai, kwa skeli ya 1:100,000. Msomaji aliyesahau hesabu hiyo akumbuke kwamba sentimita moja kwenye ramani ya namna hiyo ni kilometa moja ardhini, na milimita moja ni mita 100. Kijana wa duka aliifanya kazi kwa bidii. Aliweka ramani ya zamani chini kama kielelezo, akaweka nukta juu ya kila kijiji, akachora barabara na vijito, akaandika majina. Rangi zilikuwa safi, herufi zinasomeka kutoka nyuma ya darasa. Kisha, katika dakika za mwisho, akaona majina mengine yamekaa juu kidogo ya nukta zake na mengine chini kidogo. Akaamua kunadhifisha. Alichagua nukta na jina lake, akabofya kitufe cha katikati kwa kimo; akaenda kwa jozi ya pili, akabofya; hivyo hivyo hadi mwisho. Hakutaja kigezo.

Niliombwa kuikagua kabla haijachapishwa kwa ukubwa wake. Kitu cha kwanza kilichonishtua kilikuwa Rhotia, ambapo nukta ilikuwa imejitenga na barabara ya lami kana kwamba kijiji kimenuna. Nikaitazama Lodoare: lango lilikuwa limepanda ndani ya msitu. Shule moja ilikuwa imevuka korongo. Nilichukua rula nikapima dhidi ya ramani ya zamani, hapa milimita tatu, pale nne, mahali pamoja sita. Mita 600! Mtoto anayetembea kwenda shule kila asubuhi anazijua mita 600 kwa nyayo zake, naye angesimama mbele ya ramani ile akaambiwa na mwalimu kwamba macho yake yanamdanganya.

"Shikamoo mwalimu," kijana alisema nilipokwenda dukani. "Nimesikia ramani ina kasoro."

"Marahaba. Kasoro haiko kwenye ramani, mwanangu. Hebu niambie, kati ya nukta na jina, kipi kipo ardhini?"

Alinyamaza kidogo, akasema, "Nukta."

"Na jina?"

"Jina tumeliweka sisi."

Basi alijua. Hilo ndilo linalonikera zaidi. Jibu alikuwa nalo, ila tangu ashike kipanya hakuna aliyewahi kumuuliza.

Huku kwetu nukta si nukta tu. Mwaka 1959 watu walitolewa Serengeti wakaletwa Ngorongoro. Mwaka 1974 waliokuwa wakiishi ndani ya kreta waliondolewa. Na tangu mwaka 2022 familia zimekuwa zikihamia Msomera, wilayani Handeni. Kila moja ya habari hizo ina wasemaji wake, na hapa si mahali pa kuzisema. Nataka tu msomaji aone kwamba katika nchi yenye kumbukumbu ya namna hiyo, kusogeza mahali pa watu kwenye karatasi ili herufi zipendeze si mzaha. Na upande wa Karatu, ambako mashamba yamegawanywa hata yakawa kama vitambaa, watu wamepelekana mahakamani kwa sababu ya jiwe la mpaka lililohama hatua tatu usiku. Anayehamisha jiwe ili lilingane na uzio wake tunamwita mwizi. Anayefanya hivyo ndani ya kompyuta tunamwita mtaalamu, tena tunamshukuru kwa unadhifu.

Nimejibiwa mengi juu ya jambo hili, na ni haki kuyataja majibu hayo.

Jibu la kwanza ni muda. "Mwalimu, ramani ina majina zaidi ya themanini, mteja anasubiri." Nalijibu kwa hesabu. Katika CorelDRAW, na katika Inkscape iliyowekwa kwenye "lililochaguliwa mwisho," kutaja kigezo hakuongezi mbofyo hata mmoja. Unagusa jina kwanza, nukta mwisho, basi. Ni suala la utaratibu wa mkono. Katika Illustrator unaongeza mbofyo mmoja kwa kila jozi. Kwa majina themanini ni mibofyo themanini, na mtu hamalizi chai yake kabla haijaisha. Nililipima jambo hilo kwa saa ya mkononi, sikulisikia kwa watu.

Jibu la pili ni kwamba kosa hurekebishika, kwani kuna amri ya kurudisha nyuma. Ipo, naam, lakini humsaidia aliyeona. Ubaya wa kosa hili ni kwamba linaacha ukurasa ukiwa nadhifu kuliko ulivyokuwa. Herufi iliyopinda hujitangaza yenyewe. Nukta iliyohama kwa unyoofu haisemi kitu.

Jibu la tatu lilitoka kwa kijana mwerevu kuliko wenzake. Alisema angezifunga nukta zote kwa amri ya kufuli ili zisisogee. Nilimsifu, kisha nikamwambia ajaribu. Katika Illustrator kitu kilichofungwa hakichaguliki, na kisichochaguliwa hakiwezi kuwa kigezo. Nukta zikabaki salama, lakini majina nayo hayakuwa na wa kumfuata. Ni sawa na kumfungia mwamuzi chumbani ili asipigwe, halafu mechi ikaendelea. Kufuli huzuia kitu kisiguswe. Halikipi mamlaka juu ya vingine.

Jibu la nne ndilo gumu, na nililiheshimu. "Lakini mwalimu, jicho pia lina haki yake." Ni kweli lina haki, na wala kompyuta haiijui haki hiyo. Tazama mabango ya wenye magari ya utalii. Nusu yake yana tembo, na tembo wengi wamechorwa wameinua mkonga. Kompyuta haimwoni tembo. Inaona sanduku linalomzunguka, kuanzia ncha ya mkonga hadi mkia. Ukisawazisha jina la kampuni na katikati ya sanduku hilo, jina litakaa mbele ya kifua cha mnyama, na bango zima litaonekana kama linaegemea. Twiga ni vivyo hivyo kwa kimo, kwa sababu ya shingo. Hata pembetatu ina taabu hiyo, kwani katikati ya sanduku lake si mahali ambapo uzito wake unakaa. Fundi mwenye jicho hufanya hivi: huchora duara dogo juu ya kiwiliwili cha tembo, hulifanya hilo duara kuwa kigezo, husawazisha jina nalo, kisha hulifuta. Angalia basi kwamba hata haki ya jicho haikupatikana kwa kuacha kuchagua. Ilipatikana kwa kuchagua vizuri zaidi.

Kuna na lile ambalo hakuna aliyenijibu kabisa, nami nitalisema hata kama litawaudhi baadhi ya wenye mabango. Katika mji huu mabango mengi yana lugha mbili. Simama barabarani utazame lipi lilipangwa kwanza. Kiingereza hupewa nafasi yake, herufi zake hupumua, kingo zake huwa kingo za bango. Halafu Kiswahili huletwa kusawazishwa nacho: maneno yakizidi, herufi hubanwa hadi zinakonda, yakipungua, huvutwa kama mpira. Mara nyingine hubaki ndogo chini kabisa, kama maelezo ya namna ya kufua shati. Mgeni akisoma atakaa siku tatu na kuondoka. Mama wa Endabash anayetafuta mahali pa kuuza vitunguu vyake yupo mwaka mzima. Nani alisema Kiingereza ndicho kisogee mwisho? Hakuna. Ukiuliza utaambiwa "imetokea tu." Kigezo kilichaguliwa, ila hayupo anayekiri kwamba alikichagua.

Nimeahidi kurudi kwa walimu. Nimepewa madaftari ya vijana waliopita kozi fupi za kompyuta, nikayasoma ukurasa kwa ukurasa kwa tabia yangu ya zamani ya kusahihisha. Humo mna majina ya vitufe sita yamenakiliwa kwa Kiingereza na mishale midogo pembeni. Katika CorelDRAW herufi L hupanga kushoto, R kulia, T juu, B chini; hayo yote wanayajua kama wimbo. Hakuna mstari hata mmoja unaosema kwamba kila kitufe kina swali nyuma yake. Huko ni kufundisha mtu kupiga kengele ya shule bila kumwambia saa. Mwalimu anayefanya hivyo hajafundisha usanifu, amefundisha vidole. Na asijitetee kwa lugha ya Kiingereza, kwamba wanafunzi hawaelewi maneno ya kwenye kidirisha. Hilo ndilo hasa jukumu lake. Kiswahili kina neno, nalo limekaa tayari na "na" yake.

Kama ningepewa kutunga mtihani wa vijana hao, swali la vitufe nisingelitoa. Ningewapa mchoro wenye mto, daraja, njia na maandishi ya majina ya vitu hivyo, vyote vimekaa hovyo kidogo, kisha niwaambie: Kabla hujagusa chochote, andika kwa kalamu kipi hakitasogea, na sababu yake. Alama nane kati ya kumi ningeziweka kwenye sababu. Yule atakayesema "mto, kwa sababu hatukuuchimba sisi" ningempa zote, hata kama kipanya kinamtetemeka.

Nao wakuu wa shule wanaoagiza kazi hizi wasijitoe. Mkuu anayepokea ramani, akaitazama kwa mbali, akasema "safi sana" na kutia sahihi, hana tofauti na mkaguzi anayehesabu madirisha ya darasa bila kuingia ndani. Achukue rula. Apime vitu vitatu tu dhidi ya ramani ya serikali. Ni kazi ya dakika tano.

Bado yapo maumbo ambayo swali langu likiulizwa vizuri hujibiwa kwamba yasilinganishwe kabisa, na mfano wake uko hapa hapa kwetu. Mwaka 1978 watafiti waliokuwa chini ya Mary Leakey walifukua pale Laetoli nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano, miaka ipatayo milioni 3.6 iliyopita. Mwaka 2015 zilionekana nyingine, umbali wa mita 150 hivi kutoka zile za kwanza, na taarifa yake ilitolewa mwaka 2016 na kundi la watafiti ambamo alikuwamo Profesa Fidelis Masao. Kwa kupima urefu wa unyayo na nafasi kati ya unyayo mmoja na mwingine, waliweza kukadiria kwamba mmoja wa watembeaji hao alikuwa na kimo cha sentimita 165 hivi. Tafakari hilo, ndugu msomaji. Nafasi ile isiyo sawa, hatua hii ndefu na ile fupi, mguu uliokwenda upande kidogo, hiyo ndiyo habari yote tuliyoachiwa. Hatuna nyingine.

Sasa nimeiona chati ya darasani ambamo nyayo za Laetoli zimechaguliwa zote kwa pamoja, zikapangwa katika mstari mmoja ulionyooka, kisha kikabofywa kile kitufe cha pili kinachogawa nafasi sawasawa. Zinakwenda kama vigae vya bafuni. Kwenye fulana ya kumuuzia mgeni nisingekuwa na neno. Mgeni anajua amenunua pambo. Lakini chati hii ilikuwa na mizani ya sentimita chini yake, na wanafunzi walikuwa wameelekezwa wapime hatua kwa rula na kukadiria kimo cha aliyetembea. Darasa zima, watoto zaidi ya arobaini, walipata jibu moja, na mwalimu wao alifurahi.

Niliomba faili. Niliweka picha ya nyayo zenyewe chini yake, nikazirudisha moja moja mahali pake, jioni mbili. Namba zilizo pembeni ya kila unyayo nilizisawazisha kwa kitufe kama kawaida, namba kwanza, unyayo mwisho.